Besi Iliyozikwa Masama

Anyesi aliijua besi ile kabla haijatoka yote ndani ya gunia.

Ronald, kijana aliyekuwa akizunguka hadi ng'ambo ya mpaka kununua vyombo vya muziki vilivyotumika, alikuwa amelishusha gunia lake katikati ya karakana na sasa anachomoa kimoja kimoja: shingo ya gitaa iliyopinda, spika iliyotoboka, kinanda kilichong'oka nusu ya vibonyezo vyake. Ilikuwa Januari ya mwaka tisini na nane. Mvua ile isiyojua majira ilikuwa bado inapiga mabati ya mtaa wa Pasua, mjini Moshi, na matope yalikuwa yameingia mpaka chini ya meza ya kazi.

"Mzee Yoramu, ya mwisho hii utaninunulia soda mwenyewe," Ronald akasema. "Nimeitoa Voi. Mama mwenye gesti alikuwa anazuilia mlango nayo."

"Itoe kwanza. Soda tutaiona baadaye."

Ikatoka. Mwili wake ulikuwa wa mbao za mringaringa, mnene kuliko wa besi za dukani, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Vanishi ilikuwa imebanduka. Uzi mmoja ulikuwa umekatika na mitatu imeota kutu. Pembeni, karibu na tundu la kuchomekea waya, palikuwa na herufi A iliyokwaruzwa kwa msumari.

Anyesi ndiye aliyeikwaruza, akiwa na miaka sita. Alichapwa fimbo mbili, kisha huyohuyo aliyemchapa akambeba mabegani mpaka kwenye mazoezi ya bendi, ili watu wote waone jinsi binti yake anavyojua kuandika.

Alitaka kusema. Neno halikutoka. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Mbele za watu sauti yake ilimkimbia, na watu walikuwa wamezoea kumsemea. Akanyoosha kidole tu.

Mzee Yoramu akavua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa tena. Akaigeuza besi, akapitisha kidole gumba kwenye kiungo cha shingo, mahali ambapo yeye mwenyewe aliwahi kupiga patasi.

"Hii ni ya Wenseslaus," akasema polepole. "Ronald, mwanangu, hii ni besi ya baba yake huyu."

Ronald akaacha utani wake.

Wenseslaus alikuwa mpiga besi wa bendi ya wafanyakazi kule chini, kwenye mashamba ya miwa. Mzee Yoramu, mtu wa Mpwapwa aliyeletwa Moshi na kazi ya ufundi umeme, ndiye aliyekuwa akitengeneza vyombo vyao, na besi ile waliichonga pamoja kutokana na mti uliokatwa katika kihamba cha kina Wenseslaus, shamba lao la urithi la migomba, huko Masama mlimani. Miaka ile nyuzi za besi hazikupatikana Moshi hata kwa dawa. Wapigaji walifunga waya za breki za pikipiki, wakatoka damu vidoleni. Mwaka themanini na saba Wenseslaus akasema atavuka mpaka wa Holili, afike Mombasa, alete nyuzi za bendi nzima. Akajitwika besi mgongoni ili azijaribu hukohuko dukani. Aliaga Alhamisi. Alisema Jumapili atakuwa amerudi.

Jumapili ile ilipita, zikapita nyingine nyingi. Bendi ikafa. Mama yake Anyesi akaugua, na Anyesi akatolewa shule akiwa darasa la tano ili amuuguze. Mama alikufa akiwa amegeuza uso kuelekea mlangoni, na kwa vile alikuwa amekaa hivyo miaka miwili, hata shingo ilikataa kunyooshwa. Baada ya hapo Mzee Yoramu, aliyekuwa amefungua karakana Pasua, akamchukua Anyesi na kumfundisha kazi. Bendi za dansi zilikuwa zinakufa, lakini kila kanisa sasa lilitaka kwaya yenye magitaa ya umeme, na kila kwaya ilitaka besi.

Kazi ya Anyesi ilikuwa koili. Chini ya nyuzi za besi kuna kijisanduku chenye sumaku, na sumaku imezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele. Hicho ndicho kinachosikia nyuzi zikitikisika na kupeleka sauti kwenye amplifaya. Mzunguko mmoja ukikosewa, sauti inakwaruza. Kila koili ilitaka mizunguko elfu saba, na Anyesi aliizungusha kwa gurudumu la cherehani mbovu, akihesabu moyoni. Anayeongea hupoteza hesabu, na yeye hakuwa na la kuongea.

"Yule mama wa gesti alisema nini juu ya mwenyewe?" Mzee Yoramu akauliza.

"Hakusema kitu, mzee. Alisema ni vitu vya wapangaji walioondoka wakaviacha. Ana chumba kizima. Masufuria, viatu, hata meno ya bandia." Ronald akamtazama Anyesi, kisha akatazama chini. "Dada, pole. Sikujua. Hii siiuzi. Chukueni."

Habari ilipanda mlimani siku hiyohiyo, na kesho yake asubuhi Kalisti akashuka. Alikuwa mdogo wake Wenseslaus, mtu wa kahawa na migomba, mwenye mikono iliyopasuka na maneno machache. Alisimama mbele ya ile besi iliyotundikwa msumarini kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.

"Mama ameniambia nisirudi bila yeye," akasema.

"Bila nani?" Mzee Yoramu akauliza.

"Bila kaka."

Mama aliyemtaja ndiye Bibi Lukresia. Kwa miaka kumi na moja bibi huyo alikuwa amekaa na mtoto asiye na kaburi. Kwao kila aliyekufa hulala kwenye kihamba chake, chini ya migomba yake, na isale, ule mmea wa mipakani, likapandwa juu yake. Aliyefia mbali hurudishwa hata kwa kuuza ng'ombe. Na ambaye mwili haukuonekana kabisa, wazee wa ukoo walikuwa na njia yao. Kitu alichokuwa akikishika kila siku, kikirudi peke yake, huhesabiwa kuwa ni yeye. Huzikwa. Akishazikwa, amefika.

"Ila mama anataka izikwe nzima," Kalisti akaongeza. "Amesema hatamzika mwanawe akiwa kiwete. Uzi uliokatika uwekwe, na sauti irudi."

Mzee Yoramu akamgeukia Anyesi. "Hiyo kazi ni yako, binti. Nani mwingine ataigusa?"

Mazishi yakapangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Siku zile besi ilikaa msumarini juu ya meza ya Anyesi, na ilikuwa na tabia. Mlango wa pili kulikuwa na mashine ya kusaga unga ya Mama Pamela. Kila mashine ilipowashwa, uzi mnene wa ile besi ulivuma wenyewe, sauti ya chini kabisa, kama mtu anayetaka kuongea akiwa amefunga mdomo. Besi nyingine nne zilizotundikwa pale hazikuitika. Anyesi alipouwekea kiganja, ulinyamaza. Alipoondoa, ukaanza tena.

"Si jini hilo," Mzee Yoramu akasema alipoona macho yake. "Baba yako alikuwa akiulegeza huo uzi mnene kuliko wapigaji wenzake, alipenda utambae chini. Mvumo wake umelingana na wa mashine, ndiyo maana unaitika. Kila kitu kina mashine yake."

Anyesi akaamini. Ila Jumapili mashine ya Mama Pamela ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na Mama Pamela yuko kanisani, na Anyesi alipopita karakana kuchukua mwavuli aliousahau, aliukuta uzi unavuma. Alisimama kizingitini na mwavuli haukuonekana tena wa maana. Mchana ulikuwa mweupe, jua la baada ya mvua. Alihesabu moyoni, kama afanyavyo kwenye koili. Alipofika mia mbili na kumi ndipo uliponyamaza.

Jumatatu Mzee Yoramu alikwenda mtaa wa Soweto kufunga spika za kanisa, na Anyesi akabaki peke yake. Akaishusha besi, akaifungua.

Waya wa koili ulikuwa umekatika karibu na mwanzo. Haikuwa kazi kubwa. Akatafuta ncha na kuanza kuufungua mzunguko kwa mzunguko, na mkono wake ukagoma. Ulitaka kwenda kulia, kama mafundi wote wanavyozungusha. Waya huu ulikuwa umekwenda kushoto. Baba yake alikuwa na mashoto. Alikula kwa kushoto, alipiga misumari kwa kushoto, na mwisho wa koili alifunga fundo linalopita chini mara mbili kuelekea kushoto, fundo ambalo Mzee Yoramu hakuwahi kuliweza. Fundo lilikuwepo. Anyesi akaligusa kwa ncha ya kucha, na akatabasamu peke yake, kwa sababu ilikuwa kama kukuta mwandiko wa mtu.

Kati ya sumaku na waya mafundi huweka karatasi ili shaba isichubuke. Mzee Yoramu alitumia gazeti, na Wenseslaus alijifunza kwake, naye akatumia gazeti. Waya ulipokwisha, karatasi ikabaki, ya manjano, imegandamana na gundi. Anyesi akaibandua kwa pumzi za moto za mdomo wake, akaikunjua mezani.

Kilikuwa kipande cha ukurasa wa juu, chenye nusu ya kichwa cha habari juu ya bei ya nyanya. Chini yake kulikuwa na tarehe. Anyesi hakumaliza shule, lakini tarehe alijua kusoma.

Machi 1996.

Akasoma tena. Akahesabu kwa vidole, ingawa yeye ndiye mhesabu wa karakana nzima. Mama alikufa mwaka themanini na tisa. Kwa hiyo miaka saba baada ya mama kuzikwa, mahali fulani, chini ya taa fulani, baba yake alikuwa amekaa akizungusha waya wa shaba kwa mkono wake wa kushoto. Alikuwa na gundi. Alikuwa na gazeti la kusoma. Labda alikuwa na chai pembeni. Mombasa si mbali hivyo. Holili mtu anaweza kutoka asubuhi akala chakula cha mchana Masama.

Hakulia. Kilichomjia kilikuwa kikavu kuliko kilio. Aliiona shingo ya mama yake iliyokataa kunyooshwa.

Kwa ukoo wao, kumzika mtu aliye hai ni kumfungia mlango. Akirudi hana pa kupita, maana mahali pake pana kaburi. Atakayemwona ataona mzimu, na mzimu hukaribishwa kwa kuambiwa urudi ukalale. Anyesi alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Neno moja tu kwa Baba mdogo Kalisti lingetosha kusimamisha mazishi.

Aliikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga yake.

Jioni Mzee Yoramu akarudi. "Umeifungua?"

"Ndiyo."

"Umeona nini?"

"Waya umekatika," Anyesi akasema. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake, sauti haikumkimbia.

*

Anyesi aliirudishia besi uzi na sauti yake, na seremala akachonga jeneza la futi nne. Lilipopandishwa mlimani juu ya pikapu, kila walipopita watu walisimama na kuvua kofia, na wanawake walishika vifua, wakiuliza nani amefiwa na mtoto.

Paroko alikubali kusoma misa ya kumwombea Wenseslaus, lakini kubariki mbao alikataa, akasema kwa upole kwamba hilo wazee watalimaliza wenyewe. Watu walijaa kwenye kihamba. Mvua ilichuruzika juu ya majani ya migomba. Bibi Lukresia alilikunjua koti la zamani la mwanawe, akalilaza chini ya besi kama godoro. Kalisti akanyoosha mkono alegeze nyuzi kidogo, mbao zisije zikapasuka, na bibi akamshika kiganja.

"Maisha yake yote alikuwa akizikaza. Leo wewe unamlegezea?"

Zikaachwa zimekazwa.

Jeneza liliposhushwa, upande mmoja uliteleza kwenye udongo ulioloa, likagonga ukuta wa kaburi. Ndani yake uzi mnene ukavuma. Sauti ilipita chini ya miguu ya watu, na safu nzima ya mbele ikarudi nyuma. Mtu mmoja akafanya ishara ya msalaba.

"Limegonga tu," Kalisti akasema. "Fukieni."

Anyesi alisimama pembeni ameshika pindo la khanga. Wakati wa kutupa udongo alitupa kama wengine. Wakapanda isale, wakasimika msalaba wenye jina lake na miaka yake, wa pili ukiwa mwaka themanini na saba.

Na bibi akapona. Hilo ndilo lililomfunga Anyesi mdomo kuliko kitu kingine. Mwanamke aliyekuwa halali, aliyeacha kula mtori wenye nyama, alianza kula. Alilala mpaka jogoo wa tatu. Alipalilia kaburi, akapeleka kikata cha mbege, pombe ya ndizi, asubuhi na kumwaga kidogo juu ya udongo, akizungumza naye kuhusu kahawa, kuhusu mbuzi, kuhusu mke wa Kalisti anayepika kiburu cha ndizi kigumu. Anyesi alipopanda kumsalimu, bibi alimwambia, "Mjukuu wangu, sasa hata nikifa leo nimemaliza. Mwanangu yuko nyumbani." Anyesi akaitikia kwa kichwa. Karatasi ilikuwa bado kwenye pindo. Kila alipofua khanga aliitoa na kuirudisha.

Lakini huko Pasua hakupata raha. Koili zake zilianza kukosea. Alikuwa akifika elfu mbili, hesabu inapotea, na kidole chake kinajikuta kinavuta kushoto. Mashine ya Mama Pamela ikiwashwa, alitega sikio, na msumari ulikuwa mtupu, na bado alisikia.

Mwezi wa sita Ronald akapita na mzigo mwingine.

"Dada Anyesi, kuna jambo," akasema, bila kukaa. "Yule mama wa Voi ananiambia kuna mtu alikuja kuidai ile besi. Alikuwa ameiacha rehani ya kodi, akaenda kuvua samaki huko pwani au sijui kulima. Amerudi na hela yake mkononi, besi hakuna. Mama akamwambia imechukuliwa na mtu wa Moshi, imekwenda kwa fundi wa Pasua."

"Mtu gani?" Mzee Yoramu akauliza kutoka nyuma.

"Mtu tu, mzee. Mwembamba. Labda aliinunua kwa mwingine. Si ulimzika marehemu wewe mwenyewe?"

"Nilizika gitaa," Mzee Yoramu akasema, na akamtazama Anyesi muda mrefu. Anyesi akainama juu ya gurudumu.

Siku nne baadaye alitoka kuteka maji bombani. Aliporudi karakana ilikuwa tupu, kwa kuwa Mzee Yoramu alikuwa amekwenda kununua vanishi. Mezani ilikuwapo besi ya kwaya moja ya kanisa, aliyokuwa ameikaza vizuri kabla ya kutoka. Akaitekenya kwa kidole. Uzi mnene ukaitika chini mno, chini ya mahali alipouacha. Mtu alikuwa ameulegeza.

Akatoka mbio hadi kwa Mama Pamela, aliyekuwa mweupe kwa unga mpaka kwenye kope.

"Mama, shikamoo. Nani ameingia kwetu?"

"Marahaba. Leo umeongea, lazima kuna jambo." Mama Pamela akazima mashine. "Kuna mzee mmoja mwenye kofia. Alikaa pale kwenye benchi lenu kidogo. Akaniuliza liko wapi gitaa la mringaringa. Nikamwambia lile lilizikwa Masama, lilikuwa la marehemu Wenseslaus."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Alicheka sana, akajishika tumbo. Halafu akaacha." Mama Pamela akajifuta unga usoni, asijue kwa nini sauti yake imeshuka. "Akaniuliza, 'Na mke wake?' Nikamwambia huyo alitangulia zamani. Akaondoka. Hata kwaheri hakusema. Ni ndugu yenu?"

*

Anyesi alifika Masama kesho yake, kwenye saa saba mchana. Mwezi wa sita ukungu hushuka mlimani na kukaa. Mgomba wa tano huuoni, na majani yanadondosha maji bila mvua kunyesha. Bibi Lukresia alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Mikono yake ilikuwa mapajani, na kikata cha mbege kilikuwa kimelala tupu miguuni pake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa. Umechelewa kidogo, baba yako ametoka sasa hivi."

Anyesi hakukaa.

"Alisimama pale mpakani, kwenye masale," bibi akasema, akionyesha kwa kidevu. "Amekonda. Nywele zimekuwa nyeupe. Kumbe hata huko wanazeeka. Alivua kofia. Sikuogopa, mtoto wangu haniogopeshi. Nilimwendea nikamwambia, 'Wenseslaus, unatafuta nini? Tumekuzika vizuri. Koti lako tumekupa, gitaa lako tumekupa. Rudi ukapumzike.' Nikamwagia mbege yote. Alitaka kuongea, nikamkataza. Mfu akikuongelesha si vizuri."

Maji yakadondoka kutoka kwenye jani hadi kwenye jani.

"Alilia, Anyesi. Alilia na makamasi yakatoka. Nimekaa hapa najiuliza. Wafu hulia makamasi?"

Anyesi akageuka akaenda mpaka kwenye masale. Yalikuwa yamesimama kwenye mstari, marefu, yameloa, kama tangu enzi za babu. Kwao mtu aliyekosa hachukui maneno. Huchukua jani la isale, akalipeleka kwa aliyemkosea, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Jani moja lilikuwa limewekwa juu ya jiwe la mpakani. Lilikuwa limefungwa fundo. Anyesi akaliinua karibu na macho. Fundo lilipita chini, mara mbili, kuelekea kushoto.

Ng'ambo ya pale kulikuwa na njia, na njia ilikuwa nyeupe kwa ukungu. Alifungua mdomo aite, na sauti ikamkimbia kama ilivyozoea. Akasimama hivyo, mdomo wazi, jani mkononi, na mbele yake hapakuwa na mtu wala nyayo zinazosikika. Lakini hapakuwa na ndege pia. Kuna ukimya wa mahali pasipo na mtu, na kuna ukimya wa mahali penye mtu aliyesimama. Anyesi aliyekuwa amekaa kimya maisha yake yote aliweza kutofautisha.

Akarudi, akapita mbele ya bibi, akaenda kwenye ukuta wa jiko, Kalisti alipotundika majembe. Akachukua moja. Akaenda kaburini, akaling'oa isale kwa mikono miwili, akalilaza pembeni kwa adabu, na kuanza kuchimba.

"Anyesi." Bibi alikuwa amesimama. "Anyesi, umerukwa na akili? Unafanya nini hapo?"

"Hayumo."

"Nani hayumo?"

"Baba hayumo, bibi. Hajafa." Alifungua pindo la khanga, akaitoa karatasi. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, lakini tarehe ilikuwapo. Alimkabidhi bibi ambaye hakujua kusoma, kwa hiyo akamsomea. Alimweleza koili, na gazeti, na mkono wa kushoto. Alimweleza mtu wa Voi, na benchi la Pasua. Sauti yake ilikuwa inatetemeka lakini haikukoma, na alishangaa jinsi ilivyofanana na ya mama yake. "Uliyemwona ni mtu. Ulimwambia arudi kaburini, na yeye akatii kwa sababu wewe ni mama yake."

Bibi aliishika karatasi kwa vidole vyote, kama kitu kinachoweza kumwagika.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kabla hatujamzika."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Ulikosa sauti?"

Anyesi angeweza kusema ndiyo. Kila mtu angemwamini. "Hapana," akasema. "Sauti nilikuwa nayo. Nilitaka azikwe. Kwa ajili ya mama."

Bibi Lukresia akakaa chini, papo hapo kwenye udongo ulioloa, na nguo zake safi. Anyesi hakuthubutu kuinua jembe. Kisha bibi akamnyooshea mkono, akalipokea lile jani lenye fundo, akaligeuza, akalilaza mapajani mwake. Hakulirudisha.

"Chimba basi," akasema.

Udongo ulikuwa laini kwa miezi yote ile ya mvua. Alichimba mpaka kiunoni. Ukungu ulikuwa umeingia hata shimoni. Pigo moja likatua juu ya mbao, na ndani ya mbao uzi mnene ukaamka, ukavuma, sauti ileile, ikapanda kwenye mpini wa jembe hadi kwenye meno yake.

Bibi akainua kichwa.

Anyesi akakibandua kifuniko. Kutu ilikuwa imekula nyuzi tatu. Ule mnene ulikuwa mzima, umekazwa, na chini yake herufi A. Alijua kwamba akiuwekea kiganja utanyamaza. Akauvuta kwa kidole gumba, kwa nguvu zake zote, akauachia, na jeneza likawa spika na kaburi likawa spika, na mvumo ukatambaa chini ya migomba kuelekea mpakani.

Bibi Lukresia alikuwa ameinuka. Aligeukia masale, akaweka viganja pande mbili za mdomo, na akaita, kama anavyoitwa mtoto chakula kikiwa tayari:

"Wenseslaus. Njoo ndani, baridi kali."

Hakuna aliyejibu. Uzi ukaanza kufifia. Anyesi akauvuta tena, akauachia tena, na hakuuwekea kiganja.